Mikono ya Mzee Gathogo

Mhudumu mjinga wa pale kwenye nyama choma aliwaletea Naftaly na mgeni wake maji ya kunawa kabla hata mkaa haujashika moto. Hapo ndipo Naftaly alipoponzwa. Mzee Gathogo, babake Shiru, alikuwa ametoka Njoro hadi Naivasha kumsikiliza kijana anayetaka kumwoa bintiye, na mzee huyo akishanawa hagusi kitu mpaka nyama ifike. Akakaa ameinua mikono juu ya meza.

"Nyama yetu iko wapi?" Naftaly aliuliza.

"Inakuja, boss."

Sinia zikapita zikienda kwa waliokuja nyuma yao. Simu ya mzee ikalia mfukoni, hakuitoa. Rafiki wa zamani akaja kumsalimia, mzee akampa kiwiko. Maji yalipomfika shingoni, Naftaly alikimbilia jikoni kumbembeleza mchomaji.

"Kwani ni wewe peke yako uko na njaa?"

Akarudi jasho likimtiririka. "Sasa hivi, mzee."

Hatimaye mhudumu akatokea, ametabasamu, na jagi mkononi.

"Karibuni mnawe mikono!"

Kwa mikono ile ile aliyoilinda muda wote huo, Mzee Gathogo akaokota kofia yake kitini, akaivaa.