Aliyekaa Kifuani mwa Yunisi

Jumanne asubuhi, mwaka tisini na saba, Yunisi alikaa kwenye benchi la zahanati ya wakimbizi, upande wa Rusimbi, kando ya ziwa, na fundi Gervasi akamzungushia kifuani nyaya kumi na sita za mashine ya kupiga picha ya mapafu. Dawa ya kupaka chini ya nyaya ilikwisha tangu Ijumaa. Gervasi alijaribu mawese, lakini mawese hayapitishi umeme, yanajua maharage tu. Akapaka maji ya chumvi ya Uvinza.

"Umeme ni kidogo, mama. Tunapima huku nje kwenye ngozi, mashine inapiga hesabu kinyumenyume ijue ndani kuna nini."

"Kama kugonga debe ujue mawese yamefika wapi."

"Hapohapo."

Yunisi alikuwa anakohoa tangu avuke ziwa, wakahofia mapafu yameingia maji. Picha ilipotokea, maji hayakuwepo. Upande wa kushoto alikuwepo mumewe, Nehemia, amekaa kitako anashona wavu, kiko cha tumbaku mdomoni.

Gervasi akapima tena, maana hesabu hizi zina ujanja: vitu viwili tofauti ndani vinaweza kutoa namba zilezile nje. Mara ya pili Nehemia alikuwa amegeuka mgongo. Nyaya zilikuwa zinamtekenya.

"Huyu si alizama?" aliuliza Bonaventura, karani wa wakimbizi, akifunua faili.

"Alizama. Mwambieni basi aache kiko, mimi hanisikii," alisema Yunisi.

Bonaventura hakuwa mtu mbaya. Hata kalamu aliifuta kabla ya kuandika. Yunisi aliruhusiwa kubaki kwa kuwa ni mjane, na wajane walikuwa hawarudishwi. Sasa si mjane. Tena mumewe ameingia nchini bila kujiandikisha.

"Baba, kule kwetu wanachoma nyumba na watu ndani. Hiyo mashine haioni?"

"Nyaya zake hazifiki huko, mama," alisema Gervasi, akiinama kukusanya nyaya.

"Mimi naandika kilichoonekana," alisema Bonaventura.

Ijumaa Yunisi na mumewe walipakiwa botini warudishwe kwao. Askari alihesabu wawili, akatoa blanketi moja, na boti ikazama majini kidogo zaidi, kama inavyopasa mtu mzima akiongezeka.

Walipofika katikati, pale alipozama, Nehemia alizima kiko mwenyewe. Yunisi hakukohoa tena mpaka walipoikaribia ng'ambo, na moshi wa huko haukuwa wa kiko.