Mshono wa Ijabel

Rejina alikuwa amebadili jina, amebadili kijiji, amejifunza hata kucheka polepole ili asitambulike. Haya yote yalikuwa kazi bure. Mfarishi wake wa viraka ulikuwa umetundikwa kambani katika ukumbi wa mji wa Yellapur, watu wanaupapasa, na yeye alihisi kila mshono unalitaja jina lake la zamani.

"Kaa karibu nao uwaeleze watu," Fatmabi alimwambia. Huyu ndiye kiongozi wa wanawake wa Kisidi, Wahindi wenye asili ya Afrika, waliokuja kuonyesha mifarishi yao, na ndiye aliyempokea Rejina miaka miwili iliyopita, alipofika na jicho moja limefumba kwa kipigo.

"Niwaeleze nini, shangazi?"

"Maisha yako. Dada wa mjini wanapenda hadithi. Mmoja kanitazama nywele, akaniuliza tumetoka nchi gani. Nikamwambia tumetoka hapo nyuma ya stendi."

Wenzao wakacheka. Rejina alijaribu kucheka, midomo ikakataa.

Hadithi ilikuwepo, na mjinga aliyeishona ni yeye mwenyewe. Pembeni kulikuwa na sari ya harusi. Ndani yake, vinguo vya mtoto ambaye hakuwahi kuvivaa. Ndani zaidi, blauzi aliyotoroka nayo, na pale ilipochanwa hakupaficha. Katikati kabisa, chini ya kiraka cha mwisho, alitia punje za mchele kama wafanyavyo wote, maana mfarishi nao una tumbo na haufai kulala njaa. Bastyav, mumewe, asingezitambua nguo hizo. Wanaume wa aina yake hushika nguo wanapotaka kumvuta aliyeivaa.

Alichokiogopa ni mwendo wa mshono. Wanawake wote wa Kisidi huko msituni huanzia pembeni wakazunguka kulia mpaka katikati. Ijabel, mama mkwe wake, alishona kwa mkono wa kushoto na kuzunguka kushoto, na ndiye aliyemfundisha Rejina. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ya siri hii ilikuwa Ijabel. Rejina alikuwa amejaribu kuzunguka kama wenzake. Alifika robo, akajiona anasimulia maisha ya mtu mwingine, akafumua yote. Kisha gazeti likatoa picha ya mfarishi ule, na magazeti ya huko hufungiwa bajia kila stendi.

Aliwaona mlangoni kabla wao hawajamwona. Bastyav alivaa shati jeupe la kanisani, amemshika mama yake kiwiko kama anayesindikiza mgonjwa. Mlango ulikuwa ule mmoja tu. Rejina akapita chini ya kamba, akajibanza kati ya ukuta na mfarishi wake mwenyewe, na alipotazama chini aliona kwamba pindo halikufika sakafuni. Nyayo zake zote mbili zilikuwa nje.

"Ni huu," alisema Bastyav.

Sauti ile! Rejina akajaza upindo wa sari mdomoni, akauma.

"Tazama ulivyozunguka. Nimelala chini ya mishono hii tangu nizaliwe, Mama. Usinifanye mtoto."

"Subiri basi, nina macho mangapi?"

Mfarishi ukatikisika. Ijabel akachuchumaa taratibu, akiguna, akakagua pembe ya chini. Halafu guno likakatika. Kidole gumba cha mguu wa Rejina kilikuwa na kovu la shoka, na jeraha lile lilifungwa kwa manjano na Ijabel mwenyewe. Rejina alifumba macho. Nimekwisha, aliwaza.

"Yesu na Maria!" alisema Ijabel.

"Nini?"

"Aibu! Huu ni mshono, au kuku amepita na matope miguuni? Nani kakwambia nilimfundisha mtu kushona hivi? Mkeo alikuwa na kasoro zake, lakini mishono yake ya bandi ilinyooka."

"Umezunguka kushoto."

"Kwani Mungu aliumba mwenye shoto mmoja tu? Umenipandisha mabasi mawili, na miguu yangu hii, nije kutazama matambara ya mtu nisiyemjua!"

"Nani huyo anatukana mfarishi wangu?" Fatmabi alifika akihema.

"Mimi. Rudi ukajifunze kushona, dada."

Bastyav hakucheka. "Mama, ukinidanganya unajua kitakachokupata."

"Najua," alisema Ijabel, kwa sauti ndogo.

Mkono ukapenya chini ya pindo. Ukaushika wayo wa Rejina, ukaubana kama watu wanavyobanana mikono msibani. Rejina akafumbua macho, akautazama. Ulikuwa ule wa kushoto. Vidole viwili vilikuwa vimepinda upande, mifupa imeunga vibaya, havikunjiki wala havinyooki. Mkono kama huo haushiki tena sindano. Ukaachia, ukajikaza sakafuni kumwinua mwenyewe, na miguu ya mama na mwana ikaondoka.

Baada ya muda Fatmabi akafunua mfarishi. "Wamepanda basi, nimewaona kwa macho yangu. Yamekwisha. Umepona, mwanangu, mbona hutoki?"

"Mkono wake, shangazi," alisema Rejina. "Nilipotoroka nilimwacha na vidole vizima."