Kibali cha Kushuka

Kipande cha mwisho kiligoma kuingia. Fundi alikisugua mdomo kwa msasa, akakipuliza, akakisukuma tena mpaka kikalia tik. Ngazi ya ghorofa ya tano ikawaka saa nne asubuhi. Aliyechora jengo lile alikumbuka kila kitu isipokuwa dirisha la ngazi, na ndani mle mchana na usiku vilikuwa mtu na ndugu yake.

Miezi mitatu dada huyu fundi alichora, akakosea, akachora tena. Taa ya kwanza iliyeyusha kifuniko chake yenyewe, majirani wakacheka wiki nzima. Sasa kila kipande kilikuwa kifuniko cha ndoo kuukuu, betri ya kompyuta iliyokufa na ukanda wa taa ndogo, vyote vikila chaji kutoka kwenye sola ya paani. Vipande viliungana kwa viungo vya bomba la maji. Kimoja kikifa, unakichomoa bila kuwasumbua wenzake. Kila mpangaji alileta kifuniko chake na kukabidhiwa kipande cha kutunza, kwa hiyo ngazi ilikuwa na rangi zote.

Mwenye haja na taa hizi kuliko wote alikuwa shangazi yake. Mwaka jana aliteleza gizani akavunjika mguu, na tangu hapo hajashuka. Cherehani yake ilikaa bure chini, na wateja wakaanza kuzoea mafundi wengine.

"Nimevaa viatu tangu alfajiri," shangazi alisema mlangoni. "Ukichelewa vitaota mizizi."

Kabla fundi hajajibu, alipanda afisa wa majengo, anahema, faili kwapani. Alikuwa amemulikiwa ghorofa zote tano, na bado akatangaza kwamba taa hazina kibali. Ziondolewe sasa hivi, yeye akiona.

Fundi aliuliza kama zile barua tatu alizopeleka ofisini kwake kuomba balbu ziliwahi kufika.

"Zinashughulikiwa," alisema afisa.

Fundi alitazama viatu vya shangazi, vimepigwa rangi vikang'aa, na hasira ikampanda. Kisha wazo likamjia, akaona afadhali acheke.

"Sawa, bosi. Sheria ni msumeno."

Akaita chini kwamba kila mtu achomoe chake na kuingia nacho ndani. Majirani hawakungoja kuambiwa mara mbili. Tik, tik, milango ikafungwa, giza likapanda ghorofa kwa ghorofa. Cha mwisho alikichomoa fundi mwenyewe.

Mlango wa shangazi ulitoa mwanga wa vidato viwili tu. Afisa alishuka hivyo viwili, akapapasa, akarudi. Simu yake alikuwa ameiacha ofisini ikichaji, maana nyumbani kwake umeme ulikatika tangu juzi.

"Nimulikie basi, dada."

"Bila kibali, bosi?"

"Na chini hapo kuna kidato kimemeguka," shangazi akaongeza kwa upole. "Ndicho kilichonivunja mguu."

Afisa alikohoa. Shangazi akamletea kigoda na glasi ya maji, naye afisa akakaa akaandika juu ya faili kwamba taa moja inaruhusiwa. Fundi alisoma, akamkumbusha kwamba taa moja haifiki chini. Afisa akakata, akaandika upya: taa za ngazi hii zinaruhusiwa kwa usalama wa wapitao. Akatoa muhuri mfukoni, akaugonga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Vipande vikarudi mahali pake, tik kwa tik, huku watu wakichekea nyuma ya milango. Afisa alitangulia. Nyuma yake shangazi alishika ukuta, akaweka mguu, akaweka wa pili. Penye kidato kilichomeguka afisa aligeuka akamnyooshea mkono.

Shangazi aliutazama mkono ule, kisha akatazama kidato.

"Nenda tu, mwanangu," akamwambia. "Naona."