Anayepiga Hodi Mlango Mmoja

Kompyuta yetu ilikuja ndani ya pipa, katikati ya mchele na viatu, mama alipotutumia mzigo kutoka ng'ambo, Bronx, anakoishi. Ilikuwa nzito na ya zamani. Binamu yangu Fausto, aliyesomea mambo hayo mjini La Ceiba, akaiwekea mfumo mwepesi uitwao Linux, akasema mashine iliyozeeka haitaki kubebeshwa mengi. Tukaiweka sebuleni juu ya meza ya cherehani. Sikuwahi kufikiri kama kuna mtu duniani angeitaka.

Mama alikuwa apasuliwe moyo Jumatano, huko huko Bronx. Kwetu Wagarifuna, watu weusi wa pwani hii, mtu akiumwa kiasi hicho, wanawake husimama mstari mmoja, hushikana mikono, wakamwimbia. Mama alisema hataki kulazwa kwenye kile kitanda kabla hajaimbiwa na wanawake wa kwao. Tulijaribu kwa simu ikashindikana. Simu ikisikia wanawake wengi wakiimba pamoja hudhani ni kelele, inawafuta wote, kinabaki kikohozi cha mama mkubwa Gregoria peke yake. Basi Fausto akachomeka kipaza sauti kwenye kompyuta, akamfungulia mama mlango wa kuingilia kutoka huko aliko.

"Mlango gani?" nikamuuliza. Hiyo ilikuwa Jumanne jioni.

"Kompyuta ina milango zaidi ya elfu sitini, dada. Kila kazi na mlango wake. Wa mama ni wa elfu nane. Mingine karibu yote haina mtu nyuma. Hebu njoo uone."

Akafungua ukurasa mweusi. Maandishi meupe yalikuwa yanapanda, mstari juu ya mstari, bila kupumzika.

"Kila mstari ni hodi," akasema. "Huyu anatokea Asia. Huyu Ulaya. Huyu sijui hata ni wapi."

"Wanatujua?"

"Watujulie wapi! Ni mashine, zinapita dunia nzima nyumba kwa nyumba, zinajaribu milango. Ukifunguka, zinaingia. Ukijibu 'hapana', zimeshajua kuna watu. Usipojibu kabisa, hazijui zimegonga nyumba au zimegonga hewa."

Nilivuta kiti nikakaa. Mimi nauza mkate wa nazi, beseni kichwani, tangu nilipomaliza darasa la sita, na nilidhani nimepiga hodi nyingi maishani. Sasa naambiwa kwamba nyumba yetu ya bati, ambayo hata mbwa wa jirani haitazami, inapigiwa hodi na ulimwengu mzima tunapokula, tunapofua, tunapolala. Mwili ulinisisimka. Haikuwa hofu. Ilikuwa kama siku ya kwanza nilipoelezwa kwamba nyota zipo hata mchana.

Fausto yeye aliogopa. Kabla ya kwenda kwake akajenga ukuta ndani ya ile mashine, ukuta unaomeza hodi zote bila kujibu.

Asubuhi Fausto aliporudi, wanawake walikuwa wameshajipanga uani, mikono imeshikana, kipaza sauti kikining'inia kwenye dirisha. Wakaanza kuimba. Mara ujumbe ukaingia kwenye simu yangu kutoka kwa mama mdogo Reina, aliyekuwa kando ya kitanda cha mama: *Hatusikii kitu. Watakuja kumchukua sasa hivi.*

Fausto akafungua ule mlango wa elfu nane kwa simu yake, akaweka sikioni. "Mbona hapa wanasikika vizuri kabisa? Itakuwa mtandao wa hospitali."

"Wewe Fausto!" mama mkubwa Gregoria akapaza sauti kutoka uani. "Tuimbe, au tuendelee kuning'inia hapa kama nguo kwenye kamba?"

"Dakika moja, mama mkubwa!"

"Dakika zako nazijua. Ulichelewa hata kuzaliwa!"

Wanawake wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekaa mbele ya ukurasa mweusi, naangalia hodi zinavyomezwa na ukuta. Wageni wale, nilishaona tangu jana, hugusa mlango mmoja wakahamia mwingine, kama mtu anayepita mtaani akitikisa vitasa. Lakini kulikuwa na mmoja wa namna nyingine. Alipiga hodi mlango wa elfu nane. Akangoja. Akapiga elfu nane. Akangoja zaidi. Elfu nane tena, akangoja mara mbili ya pale mwanzo. Hakujaribu mlango mwingine wowote.

"Fausto," nikasema, "huyu anajua anapokwenda."

Akainama kutazama. Nikamwandikia mama mdogo: *Zimeni simu ya mama kidogo.* Hodi zile zikakoma. Wageni wakaendelea kupita, ila yule hakuonekana. Nikaandika: *Washeni.*

Elfu nane.

 Katikati ya umati wote ule wa dunia, nilikuwa namwona mama yangu mlangoni.

"Jamani, ukuta wangu!" Fausto akajishika kichwa. "Mimi nagonga kutokea ndani! Simu yangu iko kwenye mtandao wa humu humu. Wa ndani nimewaruhusu, wa nje nimewafungia wote, na mama yumo!"

"Fungua basi!"

"Nafungua, usinipigie kelele."

Akaandika mstari mmoja. Hodi ya elfu nane haikuonekana tena kwenye orodha ya waliomezwa. Upande mwingine wa kioo kukatokea: *msikilizaji 1*.

Nilipunga mkono dirishani. Mama mkubwa Gregoria akaanzisha, wengine wakamfuata, na bati likaanza kutetemeka juu yetu. Simu ikaita kidogo. *Wamekuja kumchukua. Amewaambia wangoje. Wanangoja.*

"Sauti inachelewa," Fausto akaninong'oneza. "Wanachosikia sasa, sisi tumekiimba pumzi kadhaa zilizopita."

Wimbo ulipokwisha, mama mkubwa akafungua kinywa aseme neno. Nikaweka kidole midomoni. Akanielewa. Wanawake walibaki wamesimama, mikono bado imeshikana, hakuna aliyekohoa, maana hapa uani tulikuwa tumemaliza, na wimbo ulikuwa bado uko njiani.