Tandiko Linaenda Kulia

Mara ya tatu wiki ile tandiko lilizunguka mtoto akiwa juu yake, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika kamba ya farasi. Halikukatika mahali. Lilianza tu kuinama taratibu upande wa kulia, mtoto naye akainama nalo, akaning'inia kama shati lililosahauliwa kwenye waya, halafu pu, chini mchangani. Hakuumia. Alilia kwa sababu mama yake alipiga kelele. Ila meneja wa kiwanja alikuwa amesimama dirishani kwake na kikombe cha chai, akaona yote.

Kiwanja chenyewe ni cha kufundishia watoto kupanda farasi. Farasi sita ni wa meneja, mmoja ni wa mjomba wangu. Huyo mmoja tunamwita Shangazi, maana akikutazama unajiona kama umeingia ndani na viatu vichafu. Jike, rangi ya kahawia, umri umekwenda, na mpole kuliko wote, ndiyo maana watoto wanaoanza wanapandishwa yeye. Mjomba anaye tangu mimi sijaanza shule. Hana mke, hana mtoto, ana Shangazi. Mama husema kaka yake alishaoa zamani sana, ni vile tu wifi yake anakula majani.

Mimi nilikuwa nimemaliza shule, nasubiri matokeo, nazunguka sebuleni kutwa nzima, nafungua friji nafunga, mpaka mama akachoka. "Nenda kwa mjomba wako ukashike hata ufagio." Nikaenda. Nikapewa ufagio kweli.

Basi, meneja akateremka. Si mtu mbaya, tusimsingizie. Akamwambia Mjomba, "Mzee, mimi sina ugomvi na wewe. Lakini akianguka mtoto mwingine kwa huyu, atoke. Ijumaa nakuja kuangalia mwenyewe."

"Atoke aende wapi?"

"Wapo wanaochukua farasi wazee. Unawajua."

Tulikuwa tunawajua. Wanakuja na lori la bluu, na hakuna farasi aliyepanda lori lile akaonekana tena. Na Mjomba anaishi chumba kimoja, ghorofa ya pili. Shangazi angelala wapi, kwenye ngazi?

Meneja alipoondoka Mjomba akachukua kitambaa. Akawa anampangusa Shangazi mchanga ambao hata haukuwepo. Halafu akanigeukia.

"Msomi, hebu niambie unamfungaje huyu."

Msomi ndilo jina alilonipa siku ya kwanza, nilipomwaga ndoo ya maji ndani ya pumba.

"Nafunga kama ulivyonionyesha."

"Sasa huyu anakuchezea. Ukikaza mkanda wa tumbo anavuta pumzi, tumbo linajaa kama ngoma. Ukimaliza tu anaitoa, mkanda unabaki unapwaya. Mfunge, mtembeze, akishasahau, kaza tena."

Nikafanya hivyo. Nikamfunga, nikamtembeza kiwanja kizima huku nikimwimbia ili asahau, nikakaza tena matundu mawili. Nikapanda mwenyewe. Mzunguko wa kwanza sawa. Wa pili, sawa. Wa tatu nikaanza kuona bega langu la kulia linashuka, linashuka, na Mjomba kule uzioni anacheka na hasira juu.

"Kaa katikati wewe! Umekaa kama gunia!"

"Nimekaa katikati, tandiko ndilo linahama!"

"Shuka."

Akapanda yeye. Mjomba amepanda farasi miaka zaidi ya thelathini, akikaa juu ni kama amepigiwa misumari. Mzunguko wa nne na yeye akawa ameinama kulia. Akashuka, wala hakucheka tena.

Jumatano nikalibeba tandiko kichwani mpaka kwa fundi viatu wa pale kona, maana ndiye anayeshona vitu vya ngozi vya kiwanja. Njiani watu hawakuniacha. "Kijana, farasi mwenyewe yuko wapi, au ndiye wewe?" Mwingine akatoa mlio kabisa. Nikajifanya sisikii.

Fundi akaligeuza juu chini. Akabonyeza kwa vidole gumba pande zote mbili, akagonga mbao ya ndani, akaliweka juu ya pipa, akarudi nyuma akafumba jicho moja.

"Hili liko sawa kuliko mimi na wewe. Mbao nzima, sufu imejaa sawasawa."

"Mbona linaenda kulia?"

"Mimi kazi yangu ni ngozi ya aliyekufa. Huyo aliye hai kamuulize mwenyewe."

Nikacheka. Nikaona ni maneno ya fundi asiyetaka kazi. Nikalirudisha kichwani.

Alhamisi nikawa sina usingizi wa mchana, sina hamu ya kula. Kila lori likipita barabarani Mjomba anageuza shingo. Ndipo nikapata akili. Nilichukua taulo kuukuu nyumbani, nikalikunja mara nne, nikaliweka chini ya tandiko upande wa kulia tu, kati ya blanketi la mgongoni na ngozi ya tandiko. Yaani kama meza inayoyumba, unaweka kikaratasi chini ya mguu. Nikafunga, nikatembeza, nikakaza, nikapanda. Mizunguko kumi. Tandiko limetulia kama kaburi. Nikajiona injinia.

Ijumaa meneja akaja, akasimama katikati na mikono nyuma. Akapandishwa mtoto mzito kuliko wote, yule anayekuja na mfuko wa biskuti. Shangazi akatembea, akadunda mbio ndogo, akakata kona. Hakuna kitu. Meneja akatikisa kichwa kukubali, akasema, "Haya, mzee," akarudi ofisini kwake.

Mjomba akanishika shingo kwa nyuma kama anavyomshika mbwa anayempenda. "Kumbe ile shule haikuwa bure."

Nataka mjue kwamba mtu huyu hasifii. Mama anasema hata siku ya harusi yake alimwambia gauni linambana. Lakini kuanzia Ijumaa ile nikawa wimbo. Akikutana na mlinzi, "Huyu mpwa wangu alitumia taulo, bwana, taulo tu." Akikutana na wazazi wa watoto, taulo. Akamsimulia hadi muuza majani. Na mimi ambaye nilikuwa napanga kuondoka mji ule hata kwa miguu matokeo yakitoka, nikaanza kuamka mapema bila kuitwa.

Wiki mbili zikaenda hivyo. Kisha Shangazi akabadilika tabia. Nikimletea tandiko analaza masikio nyuma. Siku moja akaning'ata mkono wa shati. Mjomba akasema ni uzee, hata binadamu wakizeeka hawataki kuvalishwa. Halafu siku moja asubuhi nikapanda kumpasha mwili kabla ya watoto kuja, nikaona bega langu la kulia linashuka.

Nikashuka haraka. Nikatazama nyuma, Mjomba alikuwa kwenye pipa la maji anaongea na mlinzi, na wallahi nilisikia neno taulo. Nikaingia kwenye banda la vifaa, nikatoka na taulo la pili, nikaliweka juu ya lile la kwanza. Sikumwambia.

Kuna kitu kingine sikumwambia. Shangazi akiwa amesimama zizini alikuwa anaunyanyua mguu wa nyuma wa kulia, anagusisha ncha ya kwato tu. Farasi wote wanapumzisha mguu, hilo kila mtu analijua. Lakini wanabadilisha, mara huu mara ule. Yeye alikuwa habadilishi. Niliona Jumatatu, nikaona Jumanne. Jumatano nikawa namtazama kuanzia kichwani mpaka tumboni, basi, naishia hapo.

Alhamisi, darasa la saa nane. Juu alikuwepo msichana wa miaka tisa, mwepesi kama unyoya. Shangazi alikuwa anadunda mbio ndogo, tandiko limenyooka katikati ya mgongo, hata ungepima kwa rula. Pale kwenye kona sehemu ya nyuma ikazama. Ilikuwa kama mtu anayekanyaga ngazi ambayo haipo. Akakaa chini mzima, msichana bado yuko kwenye tandiko ameshika manyoya ya shingo kwa mikono miwili. Mjomba akamnyakua. Mtoto hana hata mchubuko. Shangazi akajaribu kuinuka mara mbili, akashindwa mara mbili, akabaki amelala kwa ubavu anapumua kwa kelele.

Daktari wa mifugo alifika baada ya nusu saa. Mama mfupi, mabuti ya mpira, mikono ya shati imekunjwa. Akapiga magoti akapapasa mguu kutoka juu kuja chini. Alipofika kwenye kifundo, ngozi ya Shangazi ikatetemeka mwili mzima.

"Huu mshipa unaoshika kifundo haukuanza kuumia leo," akasema. "Leo umemalizika tu. Umekuwa ukichanika kidogo kidogo, mwezi, labda zaidi. Hamkumwona akichechemea?"

"Huyu? Hajachechemea hata siku moja," Mjomba akasema.

"Na tandiko lilikuwa linakaa?"

"Lilikuwa linateleza, likarekebishwa. Huyu hapa ndiye aliyelirekebisha." Bado alisema kwa ile sauti ya kujivuna. Alikuwa hajajua.

Daktari akanitazama. "Linateleza upande gani?"

"Kulia."

"Farasi akiumwa mguu wa nyuma anapinda mgongo kuukwepa, na mara nyingi tandiko linaenda upande huohuo. Wengi hilo ndilo linatangulia, kabla hata hajachechemea. Ulirekebisha vipi?"

Nilifungua mkanda, nikavuta tandiko, mataulo yakaanguka mchangani.

Mjomba akayatazama. "Mawili?"

"La pili niliongeza wiki hii."

"Hukuniambia."

"Ulikuwa unamwambia kila mtu..."

Hakunitukana. Ningependa angenitukana, nilikuwa nimejiandaa kabisa. Alimgeukia daktari akauliza kama angepumzishwa tangu wakati ule tandiko linaanza kuhama ingekuwaje.

"Miezi sita bila kazi, pengine angerudi. Pengine. Sasa hivi siwezi kumfanyia kitu isipokuwa sindano ya kumlaza asiamke tena, maumivu yaishe. Mzee, unanielewa?"

"Nimeelewa."

"Basi nahitaji uniambie nifanye."

Mjomba akafungua mdomo. Akaufunga. Akafungua tena, nikaona ulimi wake unatafuta neno. Mkono wake ulikuwa kwenye shavu la Shangazi, kidole gumba kinaenda chini na juu, chini na juu.

"Mwambie wewe," akasema.

"Mimi, mjomba?"

"Mwambie. Mdomo wangu umekataa."

Daktari alinisubiri mimi. Meneja alikuwa amefika na kofia mkononi, naye akanisubiri mimi. Nikasema ndiyo. Haikutoka vizuri, ikabidi niseme mara ya pili. Daktari akamtazama Mjomba, na Mjomba akatikisa kichwa kukubali bila kukiinua.

Kisha akamvua hatamu mwenyewe, taratibu, asimguse masikio. Akaketi mchangani, akaweka kile kichwa kizito mapajani kwake. "Nenda getini," akaniambia. "Watoto wa saa kumi watakuja sasa hivi. Wasiingie."

Nikaenda. Nikafunga geti, nikasimama nje nimeligeuzia mgongo. Wakaja wawili na baba yao, wamevaa kofia ngumu tayari, wananing'inia mikononi mwake.

"Darasa lipo?" baba akauliza.

"Leo halipo."

"Na kesho? Hawa hawataki mwingine, wanamtaka Shangazi tu."

Nyuma yangu nilikuwa namsikia Mjomba anaongea naye, kwa sauti ya chini, maneno siyapati. Nikasema kesho sijui. Yule baba akawa bado ananiuliza kitu, na mle ndani Mjomba akanyamaza.