Mtama wa Marietha

Kati ya punje mia moja za majaribio, kumi na nne tu ndizo zilizokuwa zimeota. Nilizihesabu mara tatu, nimepiga magoti nyuma ya stoo juu ya gunia bichi, na mara zote tatu zilikuwa kumi na nne. Nyingine zilikuwa zimevimba na kulainika, na nilipozibonyeza zilitoa uji unaonuka. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha alfajiri hiyo hiyo, ya kutosha kulainisha ardhi. Saa nane mchana kaya thelathini na nne zingekuja stoo kuchukua mbegu zao za mtama, na mtunza mbegu nilikuwa mimi.

Naitwa Redempta, ingawa hapa Mwankoko wengi huniita Mama Witness. Kazi ya stoo nilipewa kwa sababu sina simile na mtu mzembe, na sifa hiyo niliipenda kuliko ilivyonifaa. Tulikuwa tumepitia ukame wa miaka miwili mfululizo. Mwaka wa kwanza watu walikula akiba. Mwaka wa pili walikula mbegu, na mvua iliporudi ikawakuta wamekaa mlangoni wakitazama mashamba yao yakiota majani. Msaada wa mbegu ulipofika, ulikuwa umechelewa wiki tano. Baada ya hapo tukaunda kikundi, tukajenga stoo, tukaweka sheria moja kubwa: mbegu hailali nyumbani. Kila kaya ivune, ilete, ifungiwe. Sheria hiyo niliipendekeza mimi, na niliisimamia kama askari wa zamu.

Mwezi wa saba nikasikia kwamba mama Marietha ameficha kibuyu cha mtama jikoni kwake, juu ya meko. Ni mtu mzima, wa umri wa kunizaa. Nilimsimamisha kwenye mkutano nikamwambia mbele ya watu kwamba roho yake ya ubinafsi ndiyo ingetuua mara ya pili. Nikataka aondolewe kikundini, naye akaondolewa. Alijifunga kanga yake vizuri, akaenda zake, na mimi, Mungu anisamehe, nilijisikia vizuri siku nzima.

Sasa nilikuwa hapo chini nikijiuliza mbegu zimekufaje. Tulikuwa tumezifunga kwenye mifuko ile ya nailoni isiyopitisha hewa, na ndani ya mifuko hiyo mbegu kavu hukaa salama, ila mbegu yenye unyevu huoza. Kwa hiyo kabla ya kufunga ilibidi kupima. Bwana shamba wetu, Noel, alitufundisha kabla hajahamishwa: weka punje kwenye chupa kavu, tia chumvi kavu, tikisa, subiri robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, punje bado zina maji. Isipoganda, zimekauka. Nilipima mwenyewe, gunia kwa gunia, na chumvi haikuganda hata mara moja.

Nikaenda jikoni kwangu. Nikalowesha konzi ya mtama makusudi, nikaufuta, nikautia kwenye chupa pamoja na chumvi ile ile niliyoitumia mwezi wa saba. Ilikuwa chumvi yetu ya ziwani, ile ya mabonge tunayoitwanga kidogo kwa ajili ya mboga. Nikatikisa na kusubiri. Chembe zote zilitulia chini kama changarawe, na kuta za chupa zilikuwa safi kabisa. Halafu nikaenda kwa jirani kuomba chumvi laini ya dukani, nikarudia. Safari hii chupa ilikuwa nyeupe juu mpaka chini.

Nilikaa kwenye kigoda nikiishika ile chupa. Noel alikuwa amesema chumvi laini, nakumbuka kabisa alisema. Mimi nikaona chumvi ni chumvi, tena yetu ni nzuri zaidi. Nilikuwa nimefunga mbegu mbichi za watu wote, kwa mikono yangu, huku nikiwasuta wengine kwa uzembe.

Nikampigia simu mwenyekiti wetu, Alphonce. Akaja haraka, buti zimejaa tope, akachuchumaa mbele ya gunia bila kusalimia.

"Jaribu tena," akasema.

"Hili ni jaribio la pili. La kwanza zilikuwa kumi na moja. Nilidhani gunia lilikauka."

Alphonce si mtu mbaya, na hilo nataka lieleweke. Stoo ile aliisumbukia kuliko sisi wote, matofali mengine aliyabeba kwa baiskeli yake mwenyewe.

"Gawa," akasema.

"Nigawe nini?"

"Gawa mbegu. Wapande. Zisipoota watasema mvua ilikatika. Kila mwaka mvua inakatika hapa."

"Alphonce, watu watangoja wiki mbili nzima. Wakija kujua, unyevu umekwisha na msimu umepita."

"Na ukisema leo watapata mbegu wapi? Mjini nilipita juzi, mtama umekwisha madukani, yamebaki mahindi, na mahindi kwenye ardhi yetu unayajua." Akasimama. "Ukisema leo, Mama Witness, hakuna mtu atakayeleta tena hata punje moja hapa. Kila mtu atarudi kuficha kwake. Njaa ikija watakula mbegu, tutarudi kule kule. Tunaojua ni mimi na wewe."

Ningependa kusema nilikataa pale pale. Sikukataa. Nilisimama nikiwaza kwamba ana hoja, na chini ya hoja yake nilikuwa nawaza mambo yangu: sura za watu, mkutano, na jina la Marietha. Nililifunika gunia la majaribio kwa turubai. Alphonce akaona, akaondoka akiamini tumekubaliana.

Watu walianza kufika kabla ya saa nane. Wa kwanza alikuwa Yunisi, mtoto mgongoni, tope limemfika magotini, na ndoo ya plastiki mkononi. Alikuwa anacheka peke yake.

"Shikamoo dada. Nimeshachimba mashimo yote," akasema. "Tangu asubuhi. Nikipata mbegu sasa hivi, kesho jioni nimemaliza."

"Marahaba. Yote?"

"Yote, dada. Mikono imechubuka, tazama."

Akanionyesha viganja. Nilivitazama nikaona kabisa jinsi atakavyotia punje zilizooza kwenye kila shimo, azifukie kwa mguu, halafu aje kila asubuhi kutazama. Nilishindwa. Si kwamba nilipata ujasiri, nilishindwa tu kumjazia ile ndoo.

Walipotimia nikalitoa gunia chini ya turubai, nikalitandika mbele yao. Nikawaeleza kuhusu chupa na chumvi, mbegu mbichi, na zile kumi na nne. Nikasema Noel alitufundisha sawasawa, mwenye kosa ni mimi. Kwanza hawakunielewa. Kisha mtu mmoja akapasua mfuko wake kwa kisu, akaingiza mkono, akanusa, na hapo kelele zikaanza. Sitarudia niliyoambiwa. Alphonce alisimama pembeni akitazama mlima wa mawe kana kwamba kuna kitu kule. Mzee Nathanaeli, ambaye huwa hasemi, ndiye aliyeuliza swali lililowanyamazisha.

"Yule mama tulimfukuza kwa sababu gani hasa?"

Nikavuka katikati yao, nikashika njia ya kwenda kwa Marietha, na nilipogeuka nikaona Yunisi ananifuata na ndoo yake tupu.

Tulikwenda mbio mbio. Nilikuwa na wazo moja tu: kibuyu. Mbegu iliyochanganywa na majivu, ikakaa juu ya moshi tangu mavuno, ilikuwa hai, na kama Marietha hajaipanda yote, kila kaya ingepata japo kikombe cha kuanzia. Njia nzima nilihesabu vikombe.

Tulimkuta shambani, anamalizia mstari wa mwisho. Kibuyu kilikuwa kiunoni, kimefungwa kwa kamba.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba." Hakuinua uso. Alitia mbegu, akafukia kwa kisigino, akasogea.

"Mama, mbegu za stoo zimekufa."

"Nimesikia. Kelele zenu zimefika mpaka huku."

"Nimekuja kuomba. Si kwa ajili yangu."

Akafungua kamba, akakigeuza kibuyu juu chini mbele yangu. Yalitoka majivu kidogo na punje mbili. Akaziokota zote mbili, akazitia shimoni.

Nilikaa chini kwenye tope nikalia. Nililia kwa ajili ya Yunisi na mashimo yake, na kwa ajili yangu pia, kwa sababu nilikuwa nimemwaibisha mwanamke huyu kwa kufanya jambo lililokuwa sahihi. Nilimwambia hivyo hivyo. Nikamwambia nilikosea, na kwamba siku ile nilifurahi, na ninaona haya kwamba nilifurahi. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Ukimaliza kulia, nisaidie kufukia mstari huu," akasema.

Tukafukia, sisi watatu. Yunisi ndiye aliyeona.

"Mama, mbona unatia nyingi hivi? Hapa ziko kama kumi na tano."

"Ndivyo nilivyofundishwa na mama yangu. Nyingine ataokota ndege, nyingine mchwa. Zikiota nyingi, zinang'olewa, zinabaki mbili tatu."

"Zikishang'olewa unazipeleka wapi?"

"Penye mapengo. Mtama unapandikizwa, ninyi hamjui? Siku za mvua, mche ukiwa urefu wa shubiri moja." Akatazama ekari zake mbili, mstari kwa mstari. "Waambie wasifukie mashimo yao," akamwambia Yunisi. "Mvua ikiendelea, mje mng'oe."

Mvua haikuendelea. Mtama wa Marietha ulitoka siku ya tano, umejazana kila shimo, kijani kibichi, halafu mbingu zikafunga. Siku tisa hakukudondoka hata tone. Nilikwenda kila asubuhi. Siku ya saba ya ukavu huo majani yalianza kujikunja, na siku ya tisa nilimkuta Marietha amechuchumaa akichimba kwa kidole kutafuta unyevu. Katika mashamba yote ya upande ule, hakukuwa na mtama mwingine uliokuwa hai.

Siku ya kumi ikanyesha, taratibu, kuanzia asubuhi mpaka jioni, na siku mbili zilizofuata ikanyesha tena. Siku ya kumi na nane tangu apande, Marietha akatuma tuitwe. Tukafika wote, wenye ndoo, wenye beseni, wenye mifuko ya saruji, manyunyu yakitudondokea vichwani. Alitupanga mwenyewe, kila kaya na mistari yake. Tuling'oa kwa vidole viwili, polepole, tukiacha miche mitatu kila shimo, na kila aliyejaza chombo alikwenda mbio kupandikiza kabla mizizi haijakauka. Yunisi alirudi mara tatu. Mistari yangu niliiacha ya mwisho, kwa sababu sikuwa na uhakika kama nimepewa au nimevumiliwa.

Saa kumi Alphonce aliwakusanya waliobaki pembeni ya shamba. Akasema kikundi kinamwomba radhi mama Marietha, na kinamwomba arudi, tena awe mtunza mbegu badala yangu. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga.

"Kutunza nitatunza," Marietha akasema. "Nusu stoo, nusu kila mtu kwake juu ya meko, na sheria ile iondoke. Lakini kazi ya kupima, afanye yeye." Akaninyooshea kidole chenye tope.

Minong'ono ikapita. Mzee Nathanaeli akauliza kama amesahau ni nani aliyeharibu.

"Sijasahau. Wala simpendi," akasema Marietha. "Alinidhalilisha, na bado naumia. Lakini siku ile angeweza kuwajazia ndoo akanyamaza, nanyi mngelaumu mvua. Nataka mpimaji anayeweza kuniambia kwamba mbegu zangu zimekufa."

Alphonce aliinamisha kichwa. Nilikuwa nimeshika konzi ya miche, maji yananichuruzika mpaka kwenye viwiko. Nikasema nitapima. Sauti haikutoka vizuri, kwa hiyo nikarudia, kisha nikainama nikaendelea na mistari yangu kabla giza halijaingia.