Kitabu Kilichonyamaza

Shangazi alipiga simu asubuhi, chai haijapoa.

"Mwanangu, huyu mtu wako kaninunia."

"Mtu gani, Shangazi?"

"Huyo wa kwenye kompyuta. Barua ananisomea, habari ananisomea. Nikifungua kitabu, kimya. Kama vile nimemtukana."

Binti wa kaka yake alifumba macho. Huyo "mtu" ilikuwa kazi ya mikono yake: programu ya kuwasomea kwa sauti wasioona, aliyoanza kuitengeneza mwaka ule Shangazi, mkunga mstaafu, alipopoteza nuru ya macho. Na simu hii haikuwa ya kwanza. Tangu mfumo wa kompyuta ulipojisasisha, watumiaji walikuwa wanampigia mfululizo, kila mmoja akidhani programu ndiyo mbovu.

Haikuwa mbovu. Yeye na mwenzake wa ofisini, aliyeitwa Fundi na kila mtu, walichimba mpaka wakaona. Mfumo mpya ulikuwa umetia kufuli kila kitabu cha kununua, watu wasije wakakinakili. Mwenye macho aliyaona maneno kwenye kioo kama kawaida, lakini programu yoyote iliyojaribu kuyachukua ilipewa ukurasa mtupu. Mfumo haukuuliza anayetaka ni mwizi au ni kipofu.

Waliwaandikia wenye mfumo. Jibu likaja na adabu zake zote: maoni yenu tunayathamini sana, ila kwa sasa hakuna atakayeruhusiwa kupita.

"Kufuli hili nalivunja kabla ya chakula cha mchana," alisema Fundi.

"Halafu?"

Fundi alikuna kidevu. Wote wawili walijua. Mfumo ukigundua, utaifungia programu nzima, na watu watakosa hata kusomewa barua zao.

"Sasa tunawaambiaje?"

"Ukweli," alisema yule binti, akalaza kichwa juu ya meza. Usingizi usingemsaidia kitu. Uchovu wake ulikuwa wa kuomba radhi kutwa nzima kwa kosa la mtu mwingine.

Jioni alimpitia Shangazi, akamweleza taratibu. Mama mtu mzima alisikiliza, kichwa ameinamisha upande.

"Kwa hiyo kitabu ni changu, ila kukisikia sina ruhusa?"

"Ndiyo hivyo."

"Na hao wezi, angalau wamekomeshwa?"

"Wapi, Shangazi. Wanavipata vilevile."

Shangazi alicheka mpaka akakohoa. "Makubwa! Nimezalisha nusu ya mtaa huu, leo nashukiwa wizi na kompyuta."

Yeye hakuwa na nguvu za kucheka. Alivuta kiti karibu na kioo cha kompyuta.

"Mlikuwa mmefika wapi?"

"Mume karudi, mke kagoma kumfungulia."

Akaanza kusoma, sauti imemkauka kwa maongezi ya simu.

"Polepole, mama. Unasoma kama unafukuzwa. Yule mwenzio alikuwa na pumzi."

"Yule hapigiwi simu kutwa."

Alisoma kurasa kadhaa, naye Shangazi akiguna na kumlaani mume. Kisha simu ikatetemeka mezani. Namba ngeni. Aliitazama, akaiacha ikate. Ikatetemeka tena.

"Pokea tu," alisema Shangazi.

Akapokea. "Ndiyo, mzee wangu. Pole sana. Ni vitabu, eti?"

Shangazi alikunja mikono mapajani, akamsubiri amalize.